Hewa Iligawanywa Zamani, Msituuzie Upya

Wadau, leo naomba niseme jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu, na ambalo najua haliwezi kupata ukurasa wa mbele wa gazeti lolote. Halina waziri ndani yake, halina mkataba wa siri, halina hata picha ya kuvutia. Lakini lina pesa, na pesa yenyewe inatoka mfukoni mwako wewe mwenye kitochi na wewe mwenye simu ya laki tisa.

Jambo lenyewe ni hataza. Kwa ambao neno hili ni geni: hataza ni hati ambayo serikali inampa mvumbuzi ili awazuie wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu alipowasilisha maombi. Si hakimiliki ya wimbo, wala si nembo ya biashara. Masharti yake makubwa ni mawili. Kwanza, kitu kiwe kipya. Pili, kisiwe jambo ambalo fundi yeyote mzoefu wa fani hiyo angelifikia mwenyewe bila kutoa jasho. Ikionekana kwamba watu walishakichapisha au kukitumia hadharani kabla yako, basi huna chako. Hayo yaliyokuwepo kabla tuyaite ujuzi uliotangulia.

Sasa twende kwenye kero. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni za simu duniani zilianza kufikiria namna ya kuunganisha mita za umeme, pampu za maji na vipima hali ya hewa kwenye mitandao ya simu. Hivi ni vifaa vya bei ndogo, betri ndogo na akili ndogo. Papo hapo maombi ya hataza yakaanza kumiminika. Ukiyavua lugha ya wanasheria, baadhi ya madai yanasema hivi: chukua mtandao usiotumia waya wenye masafa mapana, tenga kipande kidogo kwa ajili ya vifaa vyenye uwezo mdogo, kisha viambie vifaa hivyo visikilize wapi. Kwisha. Eti huo ni uvumbuzi.

Mimi nasema wazo hilo halina mwenyewe. Kazi yangu ya uandishi wa habari imenizoesha kuuliza nani alisema, alisema lini na ushahidi uko wapi. Basi tuulize.

Tuanze na redio ya mkulima. Mwaka 1961 Marekani iliidhinisha matangazo ya FM ya stirio. Tatizo lilikuwa wazi: wananchi walishanunua redio za spika moja, na huwezi kuwaambia wazitupe. Wahandisi wakafanya nini? Walijumlisha sauti ya kushoto na ya kulia wakaiweka pale ambapo redio ya zamani inasikiliza. Tofauti ya sauti hizo mbili wakaipandisha juu zaidi, kwenye kilohezi 38, ambako redio duni haifiki. Redio mpya ikachukua vyote viwili na kupata stirio, na redio ya zamani ikaendelea kuimba kama kawaida. Chaneli moja, vifaa vya uwezo tofauti, kila kimoja kinachukua kipande kinachokiweza. Hiyo ni 1961, ndugu zangu, mwaka ambao Tanganyika inapata uhuru.

Mtu atasema, hiyo ni redio, inatangaza upande mmoja tu. Haya, twende Hawaii. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa ALOHA, uliounganisha vituo vya mbali na kompyuta kuu kwa redio. Vituo havikuwa na akili ya kupanga foleni, na masafa yalikuwa machache. Suluhisho lao lilikuwa jepesi kama mkutano wa mtaa: ukiwa na neno, sema. Mkigongana wawili, kila mmoja anyamaze kwa muda wa kubahatisha, kisha aseme tena. Kwa njia hiyo chaneli inatumika kwa takriban asilimia 18 tu, lakini kifaa hakihitaji kuwa na uwezo wowote wa maana. Mwaka uliofuata Lawrence Roberts akapendekeza muda ukatwe vipande, na kila mmoja aanze kusema mwanzoni mwa kipande. Matumizi yakapanda mara mbili, hadi kama asilimia 37. Kazi hizo zilichapishwa hadharani, zikasomwa na wahandisi wa dunia nzima.

Na hazikubaki Hawaii. Simu ya GSM inapotaka kuuita mnara kwa mara ya kwanza, inatumia mtindo huo huo wa vipande vya muda. Kila kitochi kilichowahi kupigiwa kelele kwenye daladala ya Mbagala kimefanya ALOHA bila mwenyewe kujua.

Kisha tazama SMS. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Ujumbe huu haupiti kwenye njia ya sauti. Unapita kwenye njia ya ishara, ile ambayo simu na mtandao huitumia kuambiana habari zao za ndani. Nafasi iliyopatikana humo ni baiti 140, na ndiyo maana tulihesabu herufi 160 huku tukifupisha "vp" na "cjui". Kwa maneno mengine, wahandisi walichukua kona ndogo ya mtandao wakaifanya huduma ambayo kifaa duni kabisa kinaiweza. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, ilipanda juu ya kona hiyo hiyo. Biashara ya mabilioni ikasimama kwenye kijinjia ambacho mtu wa kawaida hajui kama kipo.

Bado hujaridhika? Kumbuka intaneti kafe. Kiwango cha 802.11b cha mwaka 1999 kilikuwa na mwendo wa megabiti 11 kwa sekunde. Mwaka 2003 kikaja 802.11g chenye megabiti 54. Vifaa vya zamani havikuweza hata kutambua kwamba vile vipya vinaongea. Kwa hiyo kiwango kipya kikaweka utaratibu: kabla ya kutuma kwa mwendo wake wa kasi, kifaa kipya kinatuma tangazo fupi kwa mwendo wa polepole ambao mzee wa 1999 anauelewa, kumwambia anyamaze kwa muda fulani. Ndiyo maana laptopu moja ya kizamani ikiingia ukumbini, kila mtu alikuwa anaona mtandao umekuwa mzito. Huko ndiko kugawana hewa na mnyonge, na gharama yake tuliilipa wote.

Sasa, nisije nikaonekana mlalamishi asiye na haki. Sisemi hataza zote ni wizi. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, liliwasilisha mwaka 1993 maombi yake Marekani kuhusu namna ya kushinda mwangwi wa mawimbi ndani ya majengo, tatizo ambalo lilikuwa linawatesa watu kweli. Kampuni zilipolilipa mamilioni baadaye, sikuona dhambi. Hata kwenye hili la vifaa vidogo kulikuwa na kazi ya kweli. Katika mtandao wa LTE, ambao toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 2008, ishara za kumtambulisha mnara ziko katikati ya masafa, kwenye kipande cha takriban megahezi 1. Hizo kifaa chembamba kingeweza kuzisikia. Lakini maelekezo ya kugawa nafasi yametandazwa kwenye upana wote, hata ukiwa megahezi 20, kwa hiyo kifaa chembamba kinasikia salamu lakini hakisikii maagizo. Kulitatua hilo kulihitaji akili, na mwaka 2016 viwango vya vifaa vidogo vikakamilika, kimojawapo kikitumia kilohezi 180 tu.

Aliyetatua fundo lile kwa namna yake mahsusi, apewe hati ya namna hiyo. Nampigia makofi. Lakini asivuke hapo akadai kwamba kumtengea mnyonge nafasi kwenye chaneli ya mwenye nguvu ni mali yake. Ni sawa na fundi aliyebuni bawaba nzuri ya mlango kudai ada kwa kila nyumba yenye mlango.

Mtu wa Sinza au Eastleigh atauliza, hayo yananihusu nini? Yanakuhusu. Mwaka 2006 kampuni ya RIM, watengenezaji wa BlackBerry, ililipa dola milioni 612.5 kwa kampuni ya NTP, ambayo haikuwa na simu hata moja sokoni, kwa sababu ya hataza za barua pepe zisizotumia waya. Wakati huo Ofisi ya Hataza ya Marekani ilikuwa imeshaanza kuyakataa madai ya hataza zile zile. Na huko nyuma, mwaka 1982, Geoff Goodfellow alikuwa ameshaandika kwenye mtandao wa ARPANET wazo la kumfikishia mtu barua pepe kwa redio popote alipo. Ujuzi uliotangulia ulikuwepo. Mahakama haikuwa na subira, RIM ikaogopa huduma yake kuzimwa, ikalipa. Kampuni kubwa inaweza kulipa na kesho yake ikaamka. Kijana anayeunganisha vipima maji vya umwagiliaji kule Kilombero hawezi. Kwake barua moja ya wakili inatosha kufunga duka. Na vifaa tunavyoagiza kutoka nje vinakuja na ada hizo ndani ya bei, huzioni kwenye risiti.

Kinachouma zaidi ni kwamba sheria yenyewe kwa miaka mingi ilitupa mgongo. Hadi Machi 2013, sheria ya Marekani ilisema kitu kilichotumika hadharani nje ya Marekani hakihesabiki kuwa ni ujuzi uliotangulia, isipokuwa kiwe kimechapishwa au kimepewa hataza. Yaani fundi wa Kariakoo angeweza kufanya jambo mchana kweupe kwa miaka kumi mbele ya umati, na mbele ya sheria ile ingekuwa kama hakufanya. Wahindi walilijua hilo. Hataza ya kutibu vidonda kwa manjano, iliyotolewa Marekani mwaka 1995, ilifutwa mwaka 1997 kwa sababu India ilipeleka maandishi. Wangepeleka bibi zao wakatoe ushahidi wa mdomo, manjano ingebaki mali ya wengine.

Kipengele kile kimeondoka, lakini tatizo la ushahidi halijaondoka. Wanafunzi wa vyuo nisikilizeni hapa. Mwaka 1986 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba tasnifu moja, iliyokuwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg kule Ujerumani na kuorodheshwa, inatosha kuzuia hataza. Nakala moja! Mwaka 1989 mahakama hiyo hiyo ikakataa tasnifu za Chuo cha Reed, kwa sababu zilikuwa zimeorodheshwa kwa majina ya waandishi tu, kwenye kadi, na kadi nyingine zilikuwa ndani ya boksi la viatu. Sasa niambieni, miradi ya mwaka wa mwisho ya wahandisi wetu iko wapi? Mingi iko kwenye kabati la idara, imefungwa kwa spairo, haina orodha ya mada wala haitafutiki. Tuna mabunda ya boksi la viatu, na humo ndani kuna ujuzi wa kugawana mtandao ambao umezaliwa kwa shida zetu wenyewe.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu. Vyuo viweke miradi hiyo mtandaoni, na tarehe na mada zionekane. Mitandao ya jamii, kama TunapandaNET ya Kibera, ichapishe michoro na mipangilio yake, hata kama inaona ni mambo ya kawaida, kwa sababu mambo ya kawaida ndiyo yanayoibwa kirahisi. Na wale mnaojua redio na programu, chukueni nusu saa msome maombi yanayochapishwa. Tangu Septemba 2012 mtu yeyote, hata asiye Mmarekani, anaweza kupeleka nyaraka kwenye ofisi ya Marekani kabla hataza haijatolewa, ilimradi awahi muda uliowekwa. Nyaraka tatu za kwanza ni bure. Ofisi ya Ulaya nayo inapokea bure. Hata andiko la Kiswahili linafaa, mradi utafsiri sehemu inayohusika.

Tusisubiri wizara, tusisubiri semina yenye bahasha. Mwenye mradi wake kabatini autoe wiki hii, aupige picha kurasa zote, aandike tarehe, auweke mahali unapoonekana na kutafutika.

Naomba kuwasilisha.