Nyoka wa Ndotoni Hana Jina



Katika maswali yanayotufikia kila juma, yale ya ndoto hayakosekani. Meno yameng'oka, marehemu mama amekuja amejitanda kanga nyeupe, maji ya bahari yameingia mpaka ukumbini, nyoka amejikunja chini ya kitanda. Hatuoni aibu kuyajibu. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimaliza Swala ya Alfajiri huwageukia Masahaba akawauliza ni nani aliyeona njozi usiku ule. Lakini ni yeye pia aliyetufundisha kwamba ndoto ni za aina tatu: njozi njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya nafsi, yaani yale yaliyomshughulisha mtu mchana yakamfuata hadi kitandani. Hii aina ya tatu wengi huisahau, na kwa maoni yetu ndiyo iliyojaa katika barua tunazozipokea.

Mke wa mvuvi wa Lamu, ambaye mumewe yumo baharini wakati wa kusi, akiota mawimbi makubwa hana haja ya kufunguliwa kitabu. Vitabu vya taabiri husema bahari ni mfalme au mwenye mamlaka. Kwa mama huyu bahari ni bahari, na moyo wake umo chomboni pamoja na mumewe. Vivyo hivyo mwanafunzi aotaye amechelewa mtihani, na mama mjamzito aotaye amemwangusha mtoto.

Ndoto ya meno ndiyo inayowatia watu hofu kupita zote, kwani kwetu pwani husemwa kwamba jino likitoka kuna msiba njiani. Vitabu vya taabiri huyafananisha meno na jamaa: ya juu wanaume, ya chini wanawake. Ila vitabu hivyo hivyo husema kwamba aliyeona meno yake yote yametoka huenda akawa na umri mrefu kuliko watu wa nyumba yake, na aliyeyapokea mkononi huenda akapata kheri. Basi ndoto moja ina maana mbili au tatu zinazopingana, na anayekupa moja tu kwa yakini amekuchagulia mwenyewe. Tena kuna wasagao meno usingizini, na hao dawa yao iko kwa daktari wa meno.

Marehemu akionekana anaomba chakula au nguo, mwombee dua, toa sadaka kwa niaba yake, na uwaulize wakubwa wa nyumba kama aliacha deni. Hayo ni mema hata kama ndoto yenyewe haikuwa na maana yoyote.

Husimuliwa kwamba watu wawili walimwendea Muhammad bin Sirin, yule mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 wa Hijria, kila mmoja akisema ameota anaadhini. Mmoja alimbashiria Hija. Wa pili alimwambia mkono wake utakatwa kwa wizi. Alipoulizwa sababu, akasema kwamba kwa wa kwanza aliona alama za wema, akakumbuka aya ya kutangaza Hija kwa watu. Kwa wa pili hakupendezwa na hali yake, akakumbuka mnadi katika Sura Yusuf aliyewaita watu wa msafara kuwa ni wezi. Ndoto ilikuwa moja, waotaji wawili. Ndiyo maana tunawatahadharisha na vile vitabu viuzwavyo kwa jina la Ibn Sirin, vilivyopangwa nyoka hapa, samaki pale, kama orodha ya bei dukani. Vilikusanywa na watu waliokuja baada yake, na havimjui anayevisoma.

Sasa tufike kwenye barua iliyotufanya tuandike haya. Binti mmoja, aliyeolewa karibuni na anayeishi nyumba moja na mavyaa wake, ameota mara tatu nyoka mweusi chumbani, na mavyaa amekaa kitako kando yake akicheka. Akampelekea habari mwanamke mmoja mwenye sifa ya kufungua kitabu, naye akamwambia kwamba nyoka ni adui na adui ni huyo aliyekaa kando yake. Tangu siku hiyo binti hali chakula cha chungu cha mavyaa, na mume hajui asimame upande gani.

Binti yetu, ni kweli kwamba watabiri wa kale wamemtaja nyoka kuwa adui. Wamemtaja pia kuwa mali, na hata mke au mtoto. Hapana hata mmoja kati yao aliyeruhusu ndoto iwe ushahidi juu ya Muislamu. Kadhi hapokei shahidi aliyeona usingizini. Vipi wewe uhukumu kwa hilo nyumbani kwako? Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kumsimulia kwamba ameota kichwa chake kimekatwa kikabingirika, naye akiandama nyuma yake. Mtume (s.a.w.) alimkataza kuwasimulia watu jinsi shetani anavyomchezea usingizini. Ndoto mbaya tumefundishwa tujikinge kwa Mwenyezi Mungu, tuteme kwa wepesi upande wa kushoto mara tatu, tugeukie ubavu mwingine au tuinuke tuswali, na tusimweleze yeyote. Haitatudhuru. Wewe ulimweleza mtu, na madhara yakaanza hapo. Huenda umechoka na ugeni wa nyumba, na hilo si dhambi. Mweleze mume wako hilo, si ndoto. Na chakula cha mavyaa, kile leo hii, kwa bismillahi.

Jambo lililo karibu na hili ni Istikhara. Mabinti wengi huswali rakaa mbili, wakalala wakingoja waone rangi ya kijani au mchumba aliyevaa kanzu. Wasipoona kitu hukataa posa, au huitundika mwaka mzima. Hadithi ya Jabir (r.a.) iliyotufundisha dua ya Istikhara haina neno la ndoto ndani yake. Ukishaomba, uliza tabia ya mtu, shauriana na wakubwa, kisha uende na jambo lako. Likiwa na kheri litafunguka, likiwa na shari litaondolewa. Na wale wanaotunga ndoto ili kuzuia posa ya mwingine wajue kwamba adhabu ya mwenye kusingizia ndoto imetajwa: ataamrishwa Siku ya Kiyama azifunge fundo punje mbili za shayiri, wala hataweza.

Kina mama wametuuliza pia juu ya watoto waamkao usiku wakilia. Mtoto asihojiwe aliota nini mbele ya ndugu zake, wala asitajiwe majini saa hizo. Mkumbatie, mpe maji, msomee Ayatul Kursiyyu na sura tatu za mwisho huku ukimpangusa, na mgeuze ubavu. Kesho jioni angalia alichokitazama kwenye simu kabla ya kulala.