Mto Ukijaa, Harusi Ingoje

Jumamosi ya Desemba 4, 2021, wanakwaya wa Mwingi, huko Kitui nchini Kenya, walikuwa njiani kwenda harusini. Basi lao lilipofika mto Enziu lilikuta maji yanapita juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Basi likaingia majini, likasukumwa kando, likazama. Watu zaidi ya 30 walikufa, watoto wakiwamo.

Wapenzi wasomaji, hatuirudii habari hii ili kumlaumu dereva. Tunajiuliza: kama tungekuwa ndani ya basi lile, tumevaa sare, tumechelewa, nani kati yetu angesema turudi? Kwa maoni yetu, mto peke yake hauui watu wengi hivyo. Haraka tunayotwikana ndiyo inayowasukuma watu majini.

Maji ya mafuriko hudanganya macho. Yamejaa tope, hivyo huwezi kujua kama daraja lingali pale au limekwisha kumegwa. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zatosha kuelekeza gari dogo yanakotaka maji, na sentimita 60 huchukua magari mengi. Wengine husema basi ni zito, halitikisiki. Kumbe ule ubavu wake mpana ndio maji yanaousukuma, na huku yanalinyanyua kutoka chini mpaka tairi zinakosa kushika barabara. Tena mito yetu ya msimu haingoji mvua inyeshe hapa kwetu. Jua laweza kuwa linawaka, nayo mvua iliyonyesha milimani usiku ikafika saa nne asubuhi.

Kwa hiyo tunawaomba walimu na makatekista waseme waziwazi, kabla ya mvua kuanza: mtoto aliyezuiwa na mto hatachapwa wala hatafutwa kwenye orodha ya mafundisho. Mtoto anayeogopa fimbo kuliko maji atavuka tu. Na kuhusu Misa ya Jumapili, Kanisa lenyewe linafundisha kwamba mwenye sababu nzito hafungwi na wajibu huo. Mto uliofurika ni sababu nzito. Bibi kizee wa ng'ambo asali rozari nyumbani kwake bila kujihukumu.

Ikitokea mtu amesombwa, msijitose kumfuata. Mara nyingi huzikwa wawili. Mtupieni kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko barabara. Naye aliye majini alale chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, ili mawe na magogo yagonge miguu na si kichwa.

Maji yakipungua, kazi ya mama wa nyumbani ndiyo inaanza. Vyoo vya shimo vimefurika, na kisima kilichoingiwa na mafuriko kina kinyesi hata kama maji yake yanang'aa. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote, myaweke katika chombo chenye kifuniko. Mtoto akiharisha maji maji kama ya mchele, mpeni maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini huku mkimpeleka zahanati siku hiyo hiyo. Kama zahanati iko ng'ambo ya mto, tafuteni ya upande wenu sasa, mngali na nafasi.