TUONGEE PAMOJA: Fimbo ya zamani bado inauma

Mwezi uliopita tuliongea juu ya madaftari ya watoto. Mwezi huu tunaongea juu ya sisi wakubwa.

Jioni moja, katika darasa letu la watu wazima, tuligonga ubao kwa rula ili watu wanyamaze. Mama mmoja, mwenye wajukuu tayari, alijifunika kichwa kwa mikono miwili akainama chini ya meza. Wenzake wakacheka. Sisi walimu pia tulicheka, na leo tunaona haya kuandika hivyo. Wiki mbili hakurudi. Tulipomfuata nyumbani kuomba msamaha, alisema: "Walimu, si nyinyi. Ni baba mkubwa aliyenilea." Alipigwa tangu ana miaka sita mpaka alipoolewa. Ametupa ruhusa tuandike habari hii bila jina lake.

Hapa kambini, ukisema majeraha ya moyo, kila mtu anafikiri vita. Ni kweli vita ilituumiza. Lakini wengine waliumia hata kabla ya risasi ya kwanza, ndani ya nyumba, kwa mkono wa mtu waliyemwita baba, mama wa kambo au mjomba. Kuna aliyechomwa moto, aliyenyimwa chakula, aliyebakwa, aliyeitwa mchawi akafukuzwa. Kwetu Kongo, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, lakini wengi ilikuta wamekwisha kuwa wakubwa. Na jeraha halijui kama mtu amekua. Usingizi unakatika, hasira inapanda bure, mwili unashtuka kabla ya akili.

Ndiyo sababu kuna makundi ya kukaa pamoja. Njia inayofuatwa na kundi la mama yule inaitwa sosioterapia. Ilianza Byumba, kaskazini mwa Rwanda, mwaka 2005. Ni watu 10 hadi 15 na viongozi wawili waliofundishwa, mara moja kwa wiki, kama saa tatu, kwa wiki 15. Hatua zake ni sita: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, mwelekeo mpya wa maisha, na mwisho kumbukumbu. Angalieni vizuri: mambo ya zamani yanakuja mwisho. Hakuna anayelazimishwa kufungua moyo siku ya kwanza.

Wengine watasema, maneno tu yataponya nini? Kule Kivu walifuatwa wanawake 405 waliopata ukatili wa kingono, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Miezi sita baada ya matibabu, waliotibiwa katika kundi waliobaki na dalili za huzuni kubwa au hofu walikuwa 9 kwa 100. Waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida walikuwa 42 kwa 100.

Sasa tuseme ukweli. Nyumba zetu zinagusana. Watu wanauliza: "Nikisema pale, kesho bomba yote si itajua?" Woga huo si wa bure. Katika kundi lile, wiki ya tano, neno lilitoka nje. Mama alilisikia kwenye foleni ya maji, akaapa hatarudi. Wiki iliyofuata viti vingi vilikuwa vitupu. Viongozi hawakuficha jambo. Walirudisha kundi kwenye hatua ya kwanza, usalama, wakauliza nani amesema. Papa mmoja akasimama: "Ni mimi. Nilimwambia mke wangu, nikadhani si kitu." Akaenda na wenzake wawili mpaka kwa mama kuomba msamaha. Mama hakujibu. Baada ya wiki mbili akarudi, akakaa karibu na mlango. Mpaka leo anakaa pale pale, lakini anakuja.

Tulimwuliza kwa nini alirudi. Akasema: "Miaka yote nilifikiri mimi ndiye nilikuwa mtoto mbaya. Halafu nikaona papa mzima analia kwa jambo kama langu. Nikamwangalia, nikasema huyu hakuwa mtoto mbaya. Basi hata mimi sikuwa."

Ndugu msomaji, ukialikwa kwenye kundi, shika haya:

- Uliza kwanza kanuni ya siri, na kila mtu aikubali mbele yako.
- Sema unachoweza tu. Kunyamaza si kosa.
- Habari ya mwenzako usiipeleke nyumbani, hata kwa mume au mke.
- Siri ina mpaka. Kama kuna mtoto anayeumizwa leo, au mtu anataka kujiua, mwambie kiongozi au kituo cha afya siku ile ile.

Na sisi walimu? Rula tumeiacha kwa kupiga mistari. Tukitaka darasa linyamaze, tunainua mkono na kungoja. Inachukua muda kidogo, lakini hakuna anayejificha chini ya meza.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Walimu wenu wa kujitolea