Sensa, Mipango ya Uchumi na Haki ya Asiyehesabiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, sensa ya Agosti 23, 2022 ilionyesha kuwa Watanzania tumefikia 61,741,120. Mwaka 2012 tulikuwa takriban milioni 44.9, kwa hiyo tumeongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kila mwaka. Mwaka 2023 pato la taifa lilikua kwa asilimia 5.1, na mwenye kusikia hufurahi. Lakini ukiliondoa ongezeko la watu, kinachobaki kwa kila mtu hakifiki asilimia mbili. Sinia la wali limeongezeka, na mikono inayolizunguka nayo imeongezeka.

Kuhesabu watu si jambo geni katika dini yetu. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Hudhayfa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza waandikwe waliotamka Uislamu, na wakaandikwa wanaume 1,500. Kisha Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) akaanzisha diwani, yaani daftari la watu na mafungu yao kutoka Baitul Mali. Wanahistoria wanasimulia kuwa mwanzoni mtoto hakuwa na fungu mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja Umar akasikia mtoto akilia bila kunyamaza katika msafara uliotua Madina. Mama yake, asiyejua anazungumza na nani, akaeleza kuwa anamwachisha kabla ya wakati ili apate fungu. Umar alilia katika Swala ya Alfajiri, kisha akatangaza kwamba kila mtoto aandikiwe fungu lake tangu kuzaliwa.

Daftari lilikuwapo, na liliandikwa kwa uadilifu. Dhara lilimfika yule aliyeachwa nje yake. Nasi tunao walioachwa nje, na mara nyingi wanaowaacha ni wenye nyumba. Karani anapopiga hodi, mtumishi wa ndani hatajwi kwa kuwa “si wa ukoo”, na mtoto mwenye ulemavu anafichwa chumba cha uani. Ilhali sensa yetu huhesabu kila aliyelala katika kaya usiku ule, awe ndugu au mgeni. Waliolala ni saba, wameandikwa watano. Na kwa hesabu ya watano ndipo hupangwa madawati, dawa na visima.

Katika sensa ya 2012 baadhi ya Waislamu walisusia, wakitaka kipengele cha dini kirejeshwe, kwani mara ya mwisho kiliulizwa mwaka 1967. Malalamiko kwamba takwimu za dini zilitajwa bila msingi wa sensa yalikuwa na uzito, wala hatuoni haya kulisema hilo. Ama kususia, tunaona kuliwadhuru wasusiaji kuliko mtu mwingine. Jirani zetu wa Kenya huuliza dini, na mwaka 2019 waliandika Waislamu 5,152,194 kati ya watu 47,564,296. Hata hivyo mgao wa fedha za kaunti zao hutazama idadi ya wakazi pamoja na vigezo vingine, na dini haimo. Mkazi wa Mandera akijificha, anaipunguzia Mandera.

Wapangaji wa serikali nao wana amana yao. Jumla ya taifa huficha mengi: Dar es Salaam peke yake ilikuwa na watu 5,383,728, na bajeti inayotazama wastani wa nchi haiwezi kuona msongamano wa darasa la Mbagala. Isitoshe, mtoto aliyezaliwa wiki ile ya sensa atatimiza miaka sita Agosti 2028, na Januari 2029 atakuwa mlangoni mwa darasa la kwanza. Chumba chake hakijengwi kwa mwezi mmoja.

Aliyezaliwa baada ya hapo hamo katika ile milioni 61. Kati ya sensa na sensa, kumbukumbu yake ni usajili wa vizazi, na mzazi ambaye mwanawe hana cheti cha kuzaliwa asingojee karani wa sensa ijayo.

Wabillahi Tawfiq.