Sindano ya farasi na haraka ya mwenye farasi

Ndugu wasomaji, mtashangaa kuona habari za farasi katika kurasa hizi. Wengi wetu hatujamwona farasi ila katika picha ya Mtakatifu Martino akikata joho lake. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu mbung'o hawamwachi aishi. Lakini kijana mmoja wa parokia yetu, tuliyemfundisha katekisimu alipokuwa mdogo, leo anatunza farasi wa mashindano huko Ubelgiji, naye ametuandikia barua yenye uchungu.

Farasi aliyekabidhiwa aliumia kano ya mguu wa mbele. Mwenye farasi akaambiwa kuna dawa mpya, iliyo hai, inayootesha kano upya. Akalipa fedha nyingi. Sindano ikapigwa. Mwezi wa nne farasi hakuchechemea tena, na wote wakafurahi. Mwezi wa tano akarudishwa kwenye mbio. Siku chache baadaye kano ile ile ikapasuka, vibaya kuliko mara ya kwanza. Kijana anatuuliza: «Mwalimu, ni dawa iliyosema uongo, au ni sisi?»

Tuliisoma barua hiyo jioni mbele ya wenzetu, na mabishano yakawa makali. Bwana mmoja msomi alituambia: «Ni damu yake farasi mwenyewe, ni seli zake mwenyewe, zitamdhuruje? Elimu imekwisha kushinda. Ninyi makatekista mwaogopa kila kitu kipya.» Tulinyamaza usiku ule kwa heshima ya mwenyeji wetu. Leo hatunyamazi.

Kwanza tuondoe hofu moja, maana mama mmoja alituuliza kama seli hizo hutolewa katika mimba zilizoharibiwa. Sivyo. Hizi tunazozisema hutolewa katika uboho wa mifupa ya farasi mzima, au katika mafuta ya mwili wake, au katika damu yake, au katika kitovu cha mtoto wa farasi aliyekwisha kuzaliwa. Ugomvi wetu hauko hapo.

Ugomvi wetu uko katika kano yenyewe. Tazameni: nyuma ya mguu wa mbele wa farasi ipo kano ndefu inayofanya kazi kama mpira. Farasi akikanyaga hunyooka, akiinua mguu hurudi. Mnyama mwenye kilo 500 akikimbia kwa nguvu zote, kano hiyo hunyooka karibu kufika mpaka wake wa kukatika, na ndani yake joto hupanda hata digrii 45. Haina nafasi ya kubahatisha. Ikiumia, mwili huiziba kwa kovu. Kovu ni gumu, halinyooki kama kano ya kwanza, kwa hiyo farasi aliyepona mara nyingi huumia tena pale pale au kando yake. Hilo ndilo tatizo lililowasumbua waganga wa mifugo tangu zamani, na tusiwacheke kwa kulitafutia dawa.

Dawa zenyewe ni za namna nyingi. Wengine huchukua damu ya farasi, huizungusha kwa mashine, hupata majimaji yenye chembe nyingi zile zinazogandisha damu, na kuyadunga ndani ya kidonda. Wengine huiweka damu katika chupa yenye shanga za kioo, huiacha katika joto la mwili karibu siku nzima, kisha majimaji yake huyadunga katika kiungo kinachouma ili kutuliza uvimbe. Na wengine huchota uboho katika mfupa wa kifua, huzikuza seli zake kwa majuma kadhaa, kisha hurudisha kama milioni kumi katika kano, wakiongozwa na mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha tundu lilipo. Ni kazi ya ustadi. Hatuidharau.

Lakini bwana msomi anasema «elimu imekwisha kushinda». Imeshinda nini?

Turudi nyuma kidogo. Kwa mamia ya miaka huko Ulaya walimponya farasi mwenye kano mbovu kwa kumchoma kwa chuma cha moto. Ndiyo, chuma chekundu juu ya ngozi ya mguu, mistari au vitone. Waganga wenye vyeo walikitetea chuma hicho, wakuu wa mazizi wakaapa kwamba wamewaona farasi wengi wakichomwa na kurudi mbioni. Nao hawakusema uongo, waliwaona kweli! Mwaka 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha uchunguzi wao, na ikaonekana kwamba moto haukuiponya kano wala haukuharakisha uponyaji. Basi wale farasi waliorudi mbioni waliponywa na nini? Baada ya kuchomwa walipumzishwa muda mrefu, kwa sababu hakuna mtu angaliweza kumpanda farasi mwenye mguu ulioungua. Mapumziko yalifanya kazi, na chuma kikapata sifa.

Tunaomba msomaji asimame hapa. Farasi anayepigwa sindano ya seli leo hupewa pia, na mganga mwenye bidii, utaratibu wa karibu mwaka mzima: kwanza kusimama zizini, kisha kutembezwa dakika chache, kisha nyingi, kisha kutrotishwa, na mwishoni kabisa kukimbia, huku kano ikipimwa kwa mashine mara kwa mara. Akipona, je, ameponywa na seli, au na miezi ile, au na vyote viwili? Asiyeweza kutujibu swali hili asituambie kwamba elimu imekwisha kushinda.

Wapo waliojaribu kulijibu kwa uaminifu, na haki yatutaka tuwataje. Wataalamu wa chuo cha waganga wa mifugo cha London walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia seli za uboho katika kano ya farasi, na habari yao ilichapishwa mwaka 2003. Mwaka 2012 wakatoa hesabu ya farasi 113 wa mbio waliotibiwa hivyo. Walioumia tena walikuwa asilimia 27.4, pungufu waziwazi kuliko hesabu zilizochapishwa kabla yake za farasi waliotibiwa kwa njia nyingine. Ni habari njema. Lakini angalieni: walilinganishwa na farasi wa watu wengine, wa miaka mingine, waliotunzwa kwa mikono mingine. Mwaka 2013 wakafanya jambo bora zaidi: walichukua farasi 12 wenye kano zilizoumia, 6 wakapewa seli, 6 wakadungwa maji ya chumvi tu. Baada ya miezi sita kano za waliopewa seli zilikaribia zaidi hali ya kano nzima. Hapo tunasema: huu ndio ushahidi. Ni mdogo, farasi 12 tu, lakini ni ushahidi. Wafanyao hivi ni ndugu zetu. Hatuna neno nao.

Neno letu ni kwa wale wanaochukua matokeo ya farasi 12 na kuyauza kana kwamba ni ya farasi elfu kumi na mbili. Tena wanauza kwa jina. «Seli shina»! Mtu akisikia jina hilo anadhani ni mbegu: ukiipanda katika kano, inaota kano. Wachunguzi walizitia alama seli zilizodungwa ili kuzifuata, wakaona kwamba nyingi hutoweka upesi, na baada ya siku chache ni kidogo tu zinazobaki mahali pake. Kama zinasaidia, inaonekana zinasaidia kwa kutoa ishara zinazotuliza uvimbe na kuziamsha seli za mwenye mwili, si kwa kuota. Arnold Caplan, yule mtaalamu wa Marekani aliyezipa jina hilo mwaka 1991, mwenyewe aliandika mwaka 2017 kwamba wakati umefika wa kulibadilisha. Baba amelikana jina alilompa mtoto, na wauzaji bado wanalipiga mhuri juu ya chupa!

Na sasa lile neno la «damu yake mwenyewe haimdhuru». Damu nzuri hutolewa na mikono, na mikono huchafuka. Kidudu kimoja kikiingia pamoja na sindano katika kiungo cha farasi, kiungo kimekwisha. Zaidi ya hayo si kila dawa ya namna hii ni ya farasi mwenyewe; nyingine hutoka kwa farasi mwingine. Mwaka 1901 katika mji wa St. Louis, Marekani, farasi mmoja aliyeitwa Jim alikuwa akitolewa damu ili kutengeneza dawa ya dondakoo. Jim akashikwa na pepopunda. Dawa iliyotoka katika damu yake ikapewa watoto, na 13 wakafa. Ndipo mwaka 1902 serikali ya nchi hiyo ikatunga sheria ya kuzichunguza dawa zitokazo katika viumbe hai. Dawa yenyewe ilikuwa njema, iliwaokoa maelfu. Hata sisi hapa, mkulima akiumwa na nyoka shambani, dawa inayomwokoa kwa kawaida hutolewa katika damu ya farasi. Kilichowaua watoto wale ni kutopima.

Kupima kunawezekana. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulizikubali dawa mbili za seli kwa farasi wanaochechemea kwa ugonjwa wa viungo, moja iliyotengenezwa Ubelgiji na nyingine Hispania, baada ya watengenezaji kuleta hesabu zao mbele ya waamuzi. Marekani nayo mwaka 2015 wenye kusimamia dawa walitangaza kwamba bidhaa za seli kwa wanyama zinahesabiwa kuwa dawa. Basi msituambie kwamba kungoja ushahidi ni woga wa makatekista. Waliotaka kuuleta wameuleta.

Sasa tumjibu kijana wetu. Mpendwa, sindano ile pengine haikusema uongo. Uongo ulianza mwezi wa nne, farasi alipoacha kuchechemea nanyi mkasema amepona. Kutochechemea maana yake ni kwamba maumivu yamepungua. Kano haikuwa imejengeka, maana hujengeka polepole, na wala seli wala majimaji ya damu hayajaonyeshwa kwamba yanaifanya miezi kumi kuwa minne. Huenda sindano ilimdhuru kwa njia hii moja: ilituliza uvimbe, ikamwondolea farasi ule uchungu uliokuwa ukimlinda na bwana wake. Yeye hakuweza kusema «bado». Ninyi mlikuwa na mashine ya kumsemea, nawe umetuandikia kwamba mwezi ule haikuwashwa hata mara moja, kwa sababu siku ya mashindano ilikuwa imekaribia na ada imekwisha kulipwa.

Hapo ndipo tunapomshika mwenye farasi, na pamoja naye kila mganga anayepokea fedha za sindano na kunyamaza juu ya mapumziko, kwa sababu mapumziko hayauziki. Tunamtaka aseme kabla ya kupokea: dawa hii imejaribiwa kwa farasi wangapi, wangapi walidungwa maji matupu ili kulinganisha, wangapi waliumia tena. Aandike katika karatasi ile ile ya bei kwamba farasi hatakimbia kabla kano haijapimwa na kuonekana nzima, na mwenye farasi atie sahihi chini yake. Akikataa kutia sahihi, asipigiwe farasi wake sindano.

Kijana anatuambia kwamba farasi yule bado yu hai, amesimama zizini, na bwana wake ameulizia bei ya sindano ya pili.