Viwanja vya Dodoma na Mafao ya Wengi

Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini utekelezaji wake ulisuasua kwa zaidi ya miaka 40. Ni tamko la Rais John Pombe Magufuli, Julai 2016, lililobadili mambo: Serikali ikahama kweli, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Wawekezaji wakafuata. Miongoni mwao wapo wasio na nia ya kujenga, wanaonunua viwanja na kungoja bei ipande.

Faida ya namna hiyo haitokani na jasho la mnunuzi. Inatokana na barabara, maji na ofisi zilizojengwa kwa kodi za wananchi wote, pamoja na wale wasioweza kumudu hata robo ya kiwanja. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mwenye hati amepewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, kwa sharti la kuiendeleza. Akiiacha vichaka, hati yaweza kubatilishwa.

Mtakatifu Paulo VI, katika Waraka wake wa Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na mipaka. Anayejenga vyumba na kuvipangisha kwa kodi ya haki hupata faida pia, ingawa polepole. Waamini watakaowasikiliza wagombea udiwani wana la kuuliza: viwanja vingapi vilivyopimwa katani vingali vichaka, na ni nani anavishikilia?