Siri ya karatasi inayopima damu ifunzwe shuleni

Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili aliyewahi kuingia maabara anaijua karatasi ya kuchujia. Ametia tone la wino juu yake, akaona rangi zikitengana kadiri maji yanavyopanda, kisha akalikariri neno kromatografia kwa ajili ya mtihani. Somo hukomea hapo, na hapo ndipo tunapokosea.

Karatasi ya namna hiyo siku hizi inapima damu. Mnamo 2007 Profesa George Whitesides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha kwamba karatasi ikiwekewa mipaka isiyopenywa na maji, tone dogo hujivuta lenyewe hadi penye kemikali, na rangi inayojitokeza ndiyo jibu. Hakuna pampu wala umeme. Mwaka wa 2008 walieleza jinsi rangi hiyo inavyoweza kupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa mtaalamu aliye mbali.

Asidhani msomaji kwamba hizi ni habari za ng'ambo tu. Mnamo 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walitangaza matokeo ya kipimo cha malaria walichokijaribu katika shule mbili za msingi za Mayuge na Apac, hapo jirani Uganda. Watoto 67 walidungwa vidole kwa idhini ya wazazi wao, damu ikapitishwa kwenye karatasi iliyokunjwa ili itafutwe DNA ya vimelea, na jibu likapatikana kabla ya dakika 50 kwisha. Karatasi iligundua asilimia 98 ya walioambukizwa. Hadubini iligundua 86, na kipimo cha haraka kilichozoeleka, 83. Kufikia 2021 watafiti hao walikuwa wameunda chombo ambacho simu hukipa nguvu za kupasha joto sampuli, hupiga picha mistari ya jibu, kisha huisoma yenyewe.

Hesabu hizo si mchezo. Katika kila watoto mia wenye vimelea, kipimo cha kawaida kingewaachilia 17 warudi darasani kana kwamba ni wazima. Mwalimu wa Siaya au Busia anawafahamu watoto wa aina hiyo. Pengine amewahi kumwadhibu mmoja wao kwa kusinzia.

Je, sisi tutangoja kuuziwa? Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala haina budi kuliingiza jambo hili katika mazoezi ya sayansi. Wala si lazima damu iguswe. Mwanafunzi achore njia kwa mshumaa juu ya karatasi ya kuchujia, aipashe joto kidogo ili nta ipenye, atie iodini mwishoni mwa njia, kisha adondoshe maji ya wanga mwanzoni na kungoja rangi ya samawati iliyokoza. Picha ipigwe kwa simu ya mwalimu, maadamu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, na darasa lijadili ni kiasi gani cha rangi kinachotosha kusema "ndiyo".

Siku vipimo vyenyewe vitakapoletwa shuleni, wakuu wa shule waikumbuke Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Picha ya jibu la damu ya mtoto isitumwe popote kabla ya mzazi kuulizwa akakubali.